Malengelenge Kwenye Ubavu wa Gari la Dada

27 Machi, Jumatatu. Manyunyu asubuhi, mawingu mchana.

Kwenye karakana yetu anayepuliza rangi ndiye anayeandika hali ya hewa. Sheria hiyo aliiweka Baba, kwa sababu rangi iliyopulizwa siku yenye unyevu haikawii kuvimba, na mteja akirudi na kinyongo lazima fundi ajue siku ile kulikuwaje. Nina madaftari ya miaka kumi na minne yaliyojaa jua, mawingu, mvua, jua. Leo nazidisha maneno kwa sababu Dada ameleta gari lake, na Dada akija huwa anaacha kitu cha kunikera.

"Mdogo wangu," aliniambia akishuka, "gari langu limepata tetekuwanga."

Ni kweli. Ubavu wa kushoto, juu ya gurudumu la nyuma na kushuka mpaka chini ya mlango, rangi nyeupe imetoa malengelenge, mengine madogo kama harage, moja kubwa kama kiganja cha mtoto. Gari hili Baba alimpa miaka kumi na tisa iliyopita alipoajiriwa zahanati. Mimi nilipewa nyundo. Kila asubuhi ya shule Dada hubeba watoto watano humo, watatu wake na wawili wa jirani.

Nikamwambia anipe siku tatu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake pale mlangoni, kile tulichokitoa kwenye teksi iliyokufa. Ameacha kazi kwa sababu ya mikono kutetemeka, lakini hajaacha kuja. Alilitazama gari bila hata kuinama. "Piga msasa, tia puti kidogo, puliza. Usilichimbe." Nikamshangaa. Mtu huyu alikuwa akinichapa rula kwenye vidole kwa kufunika kutu.

28 Machi, Jumanne. Mvua kutwa. Sikuligusa.

29 Machi, Jumatano. Jua la saa tatu, kisha mawingu.

Nimepiga msasa lengelenge kubwa. Likapasuka. Nikajaribu na bisibisi ndogo nione kutu imefika wapi, ikazama mpaka kwenye mpini. Bati hakuna. Kilichoko ni puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bati, umekauka unene wa kidole gumba changu.

Nikaenda kuchukua sumaku. Nimeifunga uzi, naiburuta juu ya bodi. Penye bati inanata, penye puti inaanguka. Ilianguka juu ya gurudumu. Ikaanguka chini ya mlango. Nikaipandisha kwenye nguzo ya katikati ya milango, ikaanguka hadi usawa wa kioo. Nikazunguka upande wa kulia, ambao hauna lengelenge hata moja, ikaanguka mahali palepale kwa mstari uleule.

Gari likigongwa ubavu mmoja linatiwa puti ubavu mmoja. Sijui ni ajali gani inayolizunguka gari kama mkanda.

30 Machi, Alhamisi. Mvua.

Nimemuuliza Baba nani aliwahi kulifanyia kazi gari la Dada. "Hakuna mkono mwingine uliogusa hilo zaidi ya wangu," akasema. Halafu akaongeza: "Nilikwambia usilichimbe."

31 Machi, Ijumaa. Mvua. Dada amepiga simu. Nimemwambia ni mvua. Sikusema uongo, ilikuwa inanyesha.

1 Aprili, Jumamosi. Mawingu.

Baba alikwenda kupimwa macho, asingekuwepo hadi mchana. Nikamwita Miwani, mchomeleaji wetu, anayevaa miwani myeusi hata akiwa anakunywa chai. Tukang'oa kiti cha nyuma, tukakunja zulia la sakafuni.

Mshono unatoka ubavu mmoja hadi mwingine, umekata sakafu nzima. Umefunikwa na vipande vya bati vilivyopandishwa kimoja juu ya mwenzake, na kutu imevila hadi vimebaki kama karatasi. Nikakwangua rangi mbele ya mshono, chini yake nyeupe. Nikakwangua nyuma yake, chini yake buluu.

Tukapiga jeki upande wa kushoto. Mlango wa nyuma, uliokuwa ukifunga vizuri gari likiwa chini, ukakataa kufunga. Ulibakiza nafasi ya kidole kizima. Tukashusha jeki, ukafunga. Tukapandisha tena, ukakataa.

Miwani akavua miwani. Sijayaona macho yake mara nyingi. "Msasa," akasema, maana ndivyo wanavyoniita hapa, na si kwa sababu ya kazi bali kwa ajili ya ulimi wangu, "haya ni magari mawili."

"Naona."

"Likigongwa na hata pikipiki tu, watu wa nyuma wanabaki nyuma."

Nikamwambia anyamaze. Tukarudisha zulia na kiti kabla Baba hajaja.

3 Aprili, Jumatatu. Mvua kubwa, maji yameingia hadi kwenye stoo.

Nimelikalia jambo hili siku mbili na leo nimelisema. Miwani alikwenda kununua mitungi ya gesi. Baba alikuwa anakunywa chai kwenye kiti chake. Nikavuta ndoo nikakaa mbele yake, kitu ambacho sijawahi kufanya, maana mbele ya Baba huwa tunasimama.

"Baba, gari la Dada limeunganishwa."

Hakushtuka. Akapuliza chai. "La mbele liligongwa nyuma. La nyuma liligongwa mbele. Nikachukua vilivyokuwa vizima."

"Dada anajua?"

"Anajua baba yake alimpa gari."

"Baba, mshono umeoza."

"Limetembea miaka kumi na tisa. Limewahi kumwangusha njiani? Hata siku moja?"

"Nikiinua jeki mlango haufungi."

"Basi usiinue jeki."

Nimekua nikiambiwa kwamba katika mji huu hakuna fundi wa bodi kama baba yangu. Watu wazima humwamkia barabarani. Mimi mwenyewe mteja akinibishia humwambia, nimefundishwa na fulani, na mteja hunywea. Leo nilimtazama mzee huyu mwenye makombo ya mkate kwenye ndevu nikajiuliza ni nini hasa alichonifundisha.

"Tia bati jipya juu ya mshono," akasema polepole, sauti ya mtu anayepanga kazi ya siku. "Miwani achomelee, tia puti, puliza. Dada yako asiambiwe. Ana watoto, ana kazi, ana mume aliyeko mbali, mzigo unamtosha. Na mimi, Msasa, sitaki kuhukumiwa na wanangu wakati nimebakiza kidogo."

Nikajitia natafuta msasa namba mia nne, ambao ulikuwa mbele ya macho yangu.

4 Aprili. Mvua.

5 Aprili. Mvua. Nimemuuliza Miwani kama bati jipya litashika. "Litashika nini? Pembeni ya mshono hakuna chuma cha kushikia. Ukiliwashia moto litatoboka. Hili ni la kukatwa."

6 Aprili, Alhamisi. Mvua.

Dada amepiga simu tena. Watoto wanakwenda shule kwa miguu, mdogo amepata kikohozi. "Mteja wa kutoka nje ungemweka hivi?" Nikasema puti haikauki, unyevu umezidi. Akasema, "Sawa, mdogo wangu. Wewe ndiye unayejua."

Neno hilo limenichoma siku nzima.

7 Aprili, Ijumaa. Mvua. Nimegundua kwamba naomba isikatike.

10 Aprili, Jumatatu. Mawingu, hewa nzito.

Nataka kuandika ukweli hapa, kwa kuwa kwingine siusemi. Miaka yote nimemwonea Dada wivu wa gari hili. Alisifiwa kwa vyeti, akapewa gari. Mimi niliyekuwa naamka na Baba alfajiri nikapewa nyundo na makovu ya cheche. Mwezi uliopita mtu angeniuliza nani kipenzi cha Baba ningemjibu bila kufikiri. Sasa najua alipewa kitu kilichooza huku amefungwa macho, na mimi nilipewa macho. Bado sijaona faida yake, kwa sababu ninayafumba.

Jumamosi Baba aliniuliza nimefikia wapi. Nikamwambia mvua. Akatikisa kichwa, tukatazamana, na wote wawili tulijua kwamba hapakuwa na mvua yoyote iliyotuzuia.

Nasikia baridi mifupani.

13 Aprili, Alhamisi. Jua Jumanne na Jumatano, naambiwa. Leo mvua kuanzia saa sita.

Leo naandika yote.

Nilikuwa kitandani na homa siku mbili. Leo saa saba na nusu nilijikongoja hadi karakana. Mahali pa gari la Dada palikuwa patupu, chini kuna vumbi jeupe la puti na magazeti yenye ukungu wa rangi.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Kucha zake zilikuwa nyeupe.

"Liko wapi?"

"Amelichukua asubuhi. Amefurahi."

Miwani alikuwa amejificha nyuma ya mlango wa lori anaoutengeneza. Nikamwendea. Akaniambia bila kuinua uso kwamba Baba alilifanya mwenyewe, siku zote mbili za jua. Alimkataza kushika chochote. Mikono ilikuwa ikitetemeka hadi akaegemeza kiwiko kwenye goti, lakini alimaliza. "Kazi safi, Msasa. Hata wewe usingejua."

"Na wewe ukatazama tu."

"Ni babako. Ningemwambia nini?"

Ningemgombeza, lakini na mimi ningejitetea kwa maneno hayohayo.

Nikampigia Dada. Haikupokelewa. Akiwa zamu simu hukaa kabatini. Nikapiga mara nane. Saa nane kamili shule inafungua geti, na Dada hutoka zahanati moja kwa moja kwenda kuwachukua. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya matone makubwa, na barabara ya shule ina mteremko unaoishia kwenye njia ya malori.

Nikamgeukia Baba. Sijui nilitaka aseme nini. Alikuwa anatazama mvua. "Litafika," akasema. "Siku zote linafika."

Nikachukua pikipiki ya Miwani. Kofia ilikuwa kubwa, ilinizibia macho kila nikiinama. Nilikuwa naendesha huku nalia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya Baba peke yake. Siku kumi na mbili nilikuwa najua. Siku kumi na mbili ningeweza kwenda mlangoni kwake, dakika ishirini kwa miguu, nikasema sentensi moja.

Nilifika gari likiwa linatoka getini. Nikaisimamisha pikipiki mbele yake. Dada alifunga breki, matairi yakateleza kidogo, watoto watano wakajivuta mbele kutazama. Akashusha kioo.

"Una wazimu? Si ulikuwa na homa?"

"Zima gari, Dada."

"Watoto wana njaa, sogeza hiyo pikipiki."

"Zima gari. Washushe."

Hakuzima. Ndipo nikachomoa bisibisi mfukoni, nikazunguka upande wa kushoto. Ile rangi ilikuwa nzuri. Nasema haki, ilikuwa laini, imenyooka, huwezi kuona Baba alianzia wapi na kuishia wapi. Nikaichoma. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Nikachoma tena chini ya mlango, ikazama. Nikafungua mlango wa nyuma, nikawatoa watoto mmoja mmoja kwenye mvua, nikakunja zulia, nikamwambia tazama.

Dada akazima gari. Akashuka, akainama, akatazama mshono. Kisha akaweka kidole juu ya bati lililooza, akabonyeza, likabonyea.

"Nani kafanya hivi?"

"Baba. Tangu mwanzo. Halikuwahi kuwa gari moja."

Alibaki ameinama hivyohivyo muda mrefu, mvua ikimpiga mgongoni, sare yote imelowa. Nilidhani ataanguka. Siku zote nimemwona Dada kuwa mtu laini, wa kubembelezwa. Aliposimama sikumjua.

"Umejua lini?"

"Dada, mimi leo asubuhi nilikuwa kitandani, ningekuwa karakana nisinge..."

"Sikukuuliza ulikuwa wapi. Nimekuuliza umejua lini."

"Siku kumi na mbili."

"Na nilipokupigia simu?"

Alimbeba mdogo mgongoni, akawashika wawili mikono, wakubwa wakafuata na mabegi kichwani. Wakaenda kwa miguu. Hakunitazama tena. Mimi nikabaki na gari limeachwa milango wazi.

14 Aprili. Mvua. Dada hapokei.

15 Aprili, Jumamosi. Mawingu, halafu jua kidogo.

Saa nne Dada alilileta gari mwenyewe kutoka shuleni, peke yake, mwendo wa mtu anayetembea. Hakunisalimu. Alimwamkia Baba, "Shikamoo," akaitikiwa. Halafu akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akaushikilia.

"Baba, panda nikurudishe nyumbani."

"Nyumbani nina kazi gani saa hizi?"

"Panda tu. Kaa hapa nyuma, anapokaa mwanangu mdogo. Tutapita barabara ya malori."

Miwani alizima mashine. Baba aliweka kikombe chini, akainuka, akaja. Aliinama, akaingiza mguu mmoja ndani, mkono juu ya paa. Nilidhani ataingia. Baba ni mbishi, anaweza kufa na tai shingoni. Alibaki hivyo, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akatazama chini kwenye zulia, na shavu lake likaanza kucheza.

Dada alisema taratibu, "Limetembea miaka kumi na tisa, Baba. Halijawahi kuniangusha."

Baba akatoa mguu.

Akamwangalia Miwani. "Lete grinda," akasema.

Alitaka kukata mwenyewe. Niliponyoosha mkono kumsaidia, Dada akanizuia: "Mwache." Alianzia paa, akashuka nguzo moja, akashuka nguzo nyingine, anapumzika kila baada ya shubiri. Sakafu hakuimaliza. Ilibaki karibu nusu yake, nikasikia mlio mkavu, na nusu ya nyuma ikakaa chini yenyewe. Baba alikuwa hata hajaigusa tena. Aliiangalia kwa muda, grinda ikizunguka bure mkononi mwake, hadi Miwani akachomoa waya.

Hapo ndipo Dada alipolia. Alipojifuta uso akamuuliza, "Yapo mangapi mengine kama hili?"

Baba akavaa koti, akaenda nyumbani kwa miguu.

17 Aprili. Mvua. Baba hakuja.

18 Aprili. Mvua. Hakuja.

20 Aprili. Mvua. Nimekwenda nyumbani. Mama anasema anakula, anaoga, haongei. Nimekaa naye saa nzima mbele ya televisheni iliyozimwa.

24 Aprili. Mawingu. Dada amepita kuchukua viti vya gari, auze. Nimemwomba radhi kwa kinywa changu. Akasema, "Nimekusikia," akaendelea kufungua nati. Kisha akaniomba nimshikie upande wa pili.

26 Aprili. Mvua nyepesi. Teksi imeletwa, bonneti imevimba. Nimeipitishia sumaku gari zima kabla sijagusa. Miwani amenicheka, kisha akaacha kucheka.

28 Aprili. Jua. Kiti cha Baba bado kitupu. Nimeacha kujifanya silitazami lile swali la Dada. Kuna magari mtaani nisiyoweza kuyapita bila kutazama ubavu.

2 Mei, Jumanne. Jua tangu asubuhi.

Baba amekuja. Amekonda. Hakukaa kwenye kiti chake, alivuta ndoo.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Usiniulize kitu mpaka nimalize." Akafumba macho. "La mwalimu wa hesabu, lile la kijani. La fundi seremala, alilomuuzia shemeji yake. La yule mama mwenye duka la dawa. Mawili ya wale ndugu wa machimbo, moja limekwisha kufa, futa hilo. La mchungaji. La mwisho sikumbuki jina, mtu mrefu, alikuwa anasafirisha wagonjwa."

Aliposema wagonjwa akafumbua macho, akanitazama kuona kama nimeandika. Nilikuwa nimeandika.

"Utawaambiaje?" akaniuliza.

"Siwaambii mimi, Baba."

Alisugua kucha kana kwamba puti bado iko. Nilijua ananisubiri nilegee, kama nilivyolegea siku ile kwenye ndoo hiyohiyo. Nikafunga kalamu.

"Mwalimu anakaa karibu," akasema mwishowe. "Na ana wajukuu. Tuanze kwake."

Tulikwenda saa tisa. Mwalimu alitoka mwenyewe kutufungulia, akafurahi kumwona fundi wake wa zamani, akaita chai iletwe. Gari la kijani lilikuwa chini ya kivuli, limeoshwa. Baba alikataa kukaa. Alivua kofia, na mwalimu akaacha kucheka.